Nyayo Kandoni mwa Ukuta

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtunza nyumba alipanda ghorofani katika ile nyumba kongwe ambayo watu huja kuitembelea, akakuta ubao wa mwimo umeng'olewa kwenye mlango wa ndani wa chumba cha watoto. Kwenye ubao huo ndiko watoto wa nyumba walikopimwa urefu, mwaka hadi mwaka, kwa kalamu ya risasi.

Mpelelezi alifika saa tatu. Mwanga ulipenya kwenye luva za dirisha, vumbi likielea taratibu, na harufu ya nta ikamlegeza, akajiona kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Akajikaripia kimoyomoyo.

"Usipopatikana leo, sina kazi," mtunza nyumba alisema. "Jana jioni nilipiga sakafu nta, nikaacha mlango wazi ikauke."

Kwenye nta kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, zimefifia, hazipimiki. Chumba kilikuwa kitupu, lakini nyayo hazikukatiza katikati. Ziliambaa ukuta, kona hadi kona, mpaka kwenye mlango wa ndani.

Mpaka rangi, fundi aliyekuwa akikarabati chumba hicho, alikuwa peku, kama kawaida yake kazini.

"Misumari ya ubao uliilegeza wewe?" mpelelezi alimuuliza.

"Ndiyo, jana. Leo nilitakiwa nisugue zile alama, nipake rangi. Sasa dada, niibe ubao niliopewa niupake, nikaufanyie nini?"

"Nani alijua?"

"Nilitaja pale chini, kwa mama wa tiketi. Tulikuwa tunapiga soga tu."

Mama wa tiketi alikuwa mzee mchangamfu, miaka kumi na miwili kwenye kibanda cha mlangoni. "Huko juu sijawahi kupanda, mwanangu," alisema. "Mimi na kiti changu tu."

Saa tano, nta ikiwa imekauka, mpelelezi aliwaita wote ghorofani, akasimama penye mlango wa ndani. "Njooni hapa."

Mtunza nyumba alikatiza katikati. Mpaka rangi naye akakatiza, akipiga mluzi. Mama wa tiketi aliambaa ukuta, vidole vikiugusa kidogo, akazunguka chumba kizima huku macho yake yakiwa mbali sana.

"Mama, mbona umezunguka?"

Mama akaitazama miguu yake.

"Mama yangu alikuwa mpishi humu," alisema hatimaye. "Sisi watoto wa jikoni tulipita kandoni. Katikati palikuwa pa wenyewe. Ila siku moja yaya alinisimamisha kwenye ubao, akanipiga alama. Wageni wanasimuliwa watoto wanne. Alama ni za watoto watano. Leo wangeifuta yangu, na sina kingine kinachoonyesha kwamba niliwahi kuwa hapa."

"Na mimi nifukuzwe!" mtunza nyumba alifoka. "Miaka yote hiyo tunakula pamoja, usiniambie hata neno?"

"Niliona aibu, kaka. Nisamehe."

Ubao ulikuwa kibandani, umezungushiwa shuka. Mtunza nyumba alipiga magoti, akazihesabu alama kwa kidole. Ya mtoto wa tano ilikuwa chini kabisa, hafifu, bila jina. Mpaka rangi akasema rangi yake haitagusa pale, labda wamlete mwingine.

Mpelelezi alifungua daftari la maelezo. Wizi ni wizi, ingawa moyo ulimuuma. Aliandika umri, kazi, kisha akauliza, "Uhusiano wako na nyumba hii?"

Mama alipitisha kidole kwenye ile alama ya chini.

"Andika mwenyeji," mtunza nyumba alisema, bado amenuna.