Ncha Yenye Herufi

Kila siku Morwenna aligonga mwenyewe. Akishawafikisha watalii mwisho wa njia ya mgodi wa Patience, aliwaambia washikane mikono, kisha akazima taa ili waonje giza la wachimbaji wa zamani. Hapo alitoa nyundo ndogo mfukoni, akagonga mwamba mara tatu, polepole. Watalii walipiga mayowe, wakacheka, taa ikawashwa, na safari ikaishia dukani kwenye kofia na mawe ya kung'aa.

Siku ile mlio ulimtangulia. Mkono wake ulikuwa bado haujafika mfukoni.

Ko. Ko. Ko.

"Dada, hiyo spika mmeificha wapi?" aliuliza mzee mmoja wa Texas taa ilipowaka. "Nimeisikia mpaka kwenye meno yangu ya bandia!"

"Siri ya kazi, mzee wangu," Morwenna akajibu, akacheka pamoja nao. Lakini nyundo ilikuwa imelala mfukoni, baridi. Na pale mwisho wa njia palikuwa na harufu ya mshumaa wa mafuta ya ng'ombe uliozimwa muda huo huo, ingawa tangu umeme uingie hakuna aliyewasha mshumaa mle ndani.

Jioni alikuta nyumba ina joto. Mumewe, Denzil, alikuwa juu mlimani na gari la kusukuma theluji, na asingerudi mpaka mwisho wa wiki. Mama mkwe wake, Chesten, alikuwa amekwisha kumtengea chakula na kumwekea viatu vya nyumbani karibu na jiko vipate moto. Bibi huyo hakuwahi kusema "nakupenda" hata siku moja. Aliweka viatu jikoni.

Chakula kilikuwa pasti, ule mkate wa kukunjwa wenye nyama na viazi ndani, ambao wazee wa mji wa Kestrel Fork walivuka nao bahari kutoka Cornwall, kule Uingereza, pamoja na nyundo zao. Kila pasti ilikuwa na herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe, imebonyezwa kwenye ncha moja, ili gizani watu wasile vya wenzao. Na kila mtoto wa mji alijua kanuni: anza kula kwenye herufi, ili jina lako liingie tumboni mwako. Ncha tupu mwachie Mgongaji, yule asiyeonekana aishiye ndani ya mwamba. Akishiba hugonga kukuonya mwamba ukitaka kuanguka. Akiwa na njaa, hugonga akikutaka wewe.

Kerensa, binti wa Morwenna, alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ameikalia pasti yake bila kuigusa.

"Kula, mwanangu. Inapoa."

"Nimeshiba, Mama. Nitakula kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa yule mzee mdogo. Jana ulivyonipeleka na wageni, alikuwa kwenye kona, ananiangalia nikila. Ana njaa, Mama. Macho yake yamelowa." Mtoto akashusha sauti, kama anayetunza siri ya rafiki. "Kwa hiyo nikala huku kwingine, nikampa ile nzuri. Ile yenye K yangu."

Chesten aliangusha kijiko.

"Si umeniambia wewe, Bibi? Usile huku mtu mwenye njaa anakuangalia."

"Nilikuambia, ndiyo," bibi alinong'ona. "Nilikuambia mimi, roho yangu."

Alimkumbatia mtoto kwa mikono yake iliyokanda unga maisha yake yote.

Asubuhi ukuta wa chumba cha Kerensa ulianza kugongwa. Mwanzoni Morwenna alisema ni mabomba ya maji yanayoganda. Kisha mlio ukahamia chini ya kitanda. Kisha, mtoto alipokwenda kukaa mezani, ukahamia chini ya meza, na Kerensa, bila kuinua macho kutoka kwenye uji wake, akajibu kwa kijiko: ko, ko, ko. Mikono yake ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Morwenna alipomwosha, maji yalitoka na tope la kijivu chini ya kucha, tope la mgodini, na alipozisugua mara ya pili tope lilikuwepo tena.

"Mama, anasema mkate wangu ulikuwa mtamu," mtoto alisema. "Anasema na yeye anataka kunikaribisha."

"Mwambie huendi."

"Nimemwambia. Anasema nilishampa jina."

Jua lilipokuwa likishuka nyuma ya mlima Morwenna alikwenda uani kuchukua kuni, akarudi akiwa amezikumbatia, akakuta mlango wa mbele uko wazi na theluji inaingia sebuleni, na viatu vidogo vyekundu viko mahali pake karibu na jiko, vyote viwili, na nyayo ndogo za miguu mitupu zinashuka ngazi, zinapita duka, zinapita bango la kuwakaribisha watalii, naye akakimbia akizifuata huku akiita jina ambalo aliogopa kuliita, kwa sababu hakujua tena ni nani angeitika, mpaka akafika kwenye lango la chuma la mgodi, likiwa limefungwa kwa kufuli, na mtoto wake amesimama hapo na nguo ya ndani tu, mkono mmoja ameupitisha kati ya nondo hadi begani, na mkono huo, Morwenna aliuona vizuri kabisa, ulikuwa umevutwa kwa ndani.

Aliushika mwili wa mwanawe akavuta. Kitu kilivuta upande wa pili, bila haraka. Kisha kikaachia, kama mtu anayejua kesho ipo.

Chesten aliwapokea na blanketi lililopashwa moto. Unga ulikuwa tayari mezani.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kilichotolewa hakirudishwi. Hubadilishwa tu. Ncha nyingine yenye herufi, ingali moto, ya mtu mzima anayejua anatoa nini. Bibi yangu alinifundisha, nikaomba nisije nikalihitaji somo hilo."

"Bonyeza M," Morwenna akasema papo hapo. "Bonyeza M, Mama. Usinibishie."

"Nani anakubishia? Mshike mtoto, umpe joto. Mimi nipike."

Kwa hiyo Morwenna alikaa na Kerensa kifuani, akimpulizia vidole, huku akisikia nyuma yake unga ukikandwa na tanuri ikifunguliwa. Alimnong'oneza mambo yote aliyotaka ayakumbuke: kwamba baba anapenda chai nzito, kwamba asiogope shule, kwamba kumpa mwenye njaa si kosa, hata sasa si kosa.

Bibi alimpa ncha ya pasti imefungwa kwenye kitambaa kinene.

"Usiifungue njiani, itapoa. Weka chini, rudi, usigeuke." Akamfunga skafu shingoni na kuikaza, kama anavyofungwa mtoto wa shule. "Nenda na Mungu."

Morwenna alifungua lango, akawasha taa ya kofia, akaingia. Njia aliyoipita na wageni maelfu sasa ilikuwa ndefu. Harufu ya mshumaa uliozimwa ilimjia, kisha ya jiwe bichi, kisha nyingine, ya mdomo wa mtu aliyekaa muda mrefu bila kula. Alipofika mwisho alipiga magoti, akafungua kitambaa, mvuke ukapanda kwenye mwanga, na juu ya mkate ule wa dhahabu, herufi iliyobonyezwa kwa nguvu ili isikosewe haikuwa M.

Ilikuwa C.

"Hapana," alisema. "Mama, hapana!" Akanyoosha mkono aichukue, na taa yake ikazimika, na vidole vyake vikagusa, badala ya mkate, vidole vingine, vifupi, vilivyolowa, vilivyokuwa vimeshatangulia kufika, na katika giza lile ambalo alikuwa akiwauzia watu kila siku akasikia, karibu na goti lake, kitu kikitafuna taratibu, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumaliza chakula cha mwenyeji upesi.

Alipofika nyumbani, Kerensa alikuwa anakula. Mashavu yalikuwa mekundu, kucha safi.

"Mama, leo pasti ni tamu!"

Chesten alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, na chini ya kiti, sakafuni, polepole, mlio ulisikika.

"Kwa nini, Mama?" Morwenna alilia, kichwa kwenye mapaja yake. "Kwa nini umefanya hivi?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha ukarimu. Ningemwachia mama yake alipe?" Bibi aliinua mkongojo wake, akagonga sakafu mara tatu, kama anayejibu hodi. "Na wewe huko chini, acha papara. Miguu yangu inauma. Nitakuja nikimaliza kufuma soksi za mtoto."

Alizimaliza majira ya kuchipua. Asubuhi hiyo kiti kilikuwa tupu, bado kina joto. Soksi zilikuwa zimekunjwa juu yake. Viatu vya nyumbani vya Morwenna vilikuwa jikoni vikiota moto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na sebule nzima ilinuka mshumaa uliozimwa. Denzil na majirani walitafuta mlima mzima. Hawakuona kitu.

Theluji ilipoyeyuka mgodi ulifunguliwa tena, na watalii wakarudi. Siku ya kwanza Morwenna aliwafikisha mwisho wa njia, akawaambia washikane mikono, akazima taa. Nyundo hakuibeba tena.

Ko. Ko. Ko, ulikuja mlio kutoka ndani ya mwamba, mzito.

Kisha, pembeni yake, mwingine mwepesi wa mti mkavu, kama wa mkongojo: ko, ko, ko.

Watalii walipiga makofi.