Mwizi Aliyetandika Shuka

Mwizi alikuwa amepindua nyumba nzima, na kitu pekee alichoondoka nacho kilikuwa pasipoti ya mama mwenye magoti mabovu, ambaye hajashuka ngazi kwa wiki sita.

Inspekta alifika ghorofa ya nne akihema. Kituoni walimwita Bwana Taratibu, na ngazi zile zililipa jina hilo haki yake. Nyuma yake alikuja Koplo wa alama za vidole, mwanamke mwembamba mwenye sanduku zito na mdomo mwepesi.

"Mtu anaacha nyumba zote za chini, anapanda mpaka huku," Koplo alisema. "Wezi wa siku hizi hawana huruma."

Mlango haukuvunjwa. Sebuleni droo zilikuwa zimetolewa zote na nguo zimemwagwa sakafuni. Kompyuta ilikuwa mezani, haikuguswa. Kisanduku cha bati kilikuwa kimefunguliwa kwa ufunguo wake, na ndani mlikuwa na pasipoti moja, ya binti mwenye nyumba. Ya mama yake haikuwemo.

"Nieleze tangu mwanzo," Inspekta alimwambia binti.

"Kesho saa nne asubuhi tuna miadi ubalozini, afande. Tunaomba viza ya watu wanaofanya kazi kwa mbali. Mimi naandika yale maneno yanayopita chini ya filamu. Kampuni iko ng'ambo."

"Kwa hiyo unaifuata kampuni."

"Hapana. Kampuni iko nchi nyingine. Mimi nakwenda kuishi nchi ya tatu."

"Na kazi utaifanyia wapi?"

"Mezani."

Inspekta alitazama meza. "Meza si unayo hapa?"

"Meza ninayo. Ninachokosa ni umeme usiokatika na nyumba isiyo na ngazi." Binti alishusha sauti. "Mama anaiona dunia kwa dirisha tu. Huko nimepata nyumba ya chini, mlango unafungukia uani. Viza inaruhusu mtegemezi mmoja. Nimemwandika yeye."

"Ukikosa miadi ya kesho?"

"Nyingine ni baada ya miezi mitano. Barua ya mwajiri inaisha muda Ijumaa. Hii yenyewe nimeiomba miezi mitatu ndiyo wakaiandika."

"Na ukienda peke yako?"

Binti alimtazama kama aliyetukanwa. "Siendi peke yangu."

"Mwambie aende," ilisema sauti kutoka dirishani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kanga iliyolowa bafuni bado haijakauka shingoni. "Pasipoti yangu imekwenda, ndiyo bahati yangu. Yake ipo. Aende."

Binti alimwonyesha Inspekta faili la nailoni: barua ya mwajiri, taarifa za benki, bima, na vyeti viwili vya tabia njema vilivyotoka kituo cha Inspekta mwenyewe wiki sita zilizopita.

"Kimebaki cheti cha kuzaliwa cha mama," alisema. "Ofisi ya vizazi wanasema walikituma wiki iliyopita. Mpaka leo sijakiona."

Inspekta alivuta kiti akaketi mbele ya mama.

"Ulikuwa wapi mama, mwizi alipoingia?"

"Bafuni, mwanangu."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu. Huyu alikuwa ametoka kupiga picha upya. Zile za kwanza alicheka, ubalozi wakazikataa."

"Ulisikia nini?"

"Vishindo."

"Hukuita mtu?"

"Na sabuni mwili mzima? Nimwite nani?"

"Ufunguo wa kisanduku hukaa wapi?"

"Nyuma ya saa ya ukutani. Lakini mimi kisanduku kile sikigusi. Hayo ni mambo yake ya viza."

"Nani mwingine aliingia humu leo?"

"Fundi wa intaneti," binti alidakia. "Nilimwacha hapa akibadilisha waya. Niliporudi mlango ulikuwa wazi."

Fundi hakuwa mbali. Alikuwa ghorofa ya chini akivuta waya wa jirani. Koplo alimpandisha, ngazi yake ya chuma bado begani.

"Ulimaliza hapa saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa tatu na robo."

"Ulimwacha nani ndani?"

"Mama. Alinitaka nivue viatu mlangoni, nikafanya kazi na soksi. Soksi ina tundu, akataka kunishonea."

"Na mlango?"

"Aliufunga mwenyewe nilipotoka. Nilisikia komeo."

"Una hakika?"

"Afande, niibe pasipoti ya mama huyu ili nijifanye mimi ndiye yeye?" Fundi alijipapasa ndevu. "Nitaanzia wapi?"

Koplo alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Inspekta hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya lundo la nguo. Aliinua gauni moja, akainua sweta, akaendelea mpaka sakafuni. Sakafu hakuikuta. Alikuta shuka jeupe, limetandikwa, pembe zake nne zimenyooshwa vizuri.

Alisimama, akafungua kabati la ukutani. Mashuka yalikuwa yamepangwa humo kama matofali, mikunjo yote ikitazama nje. Katika nyumba nzima, hapo tu ndipo mkono wa mwizi haukupita.

"Afande," Koplo aliita kutoka kwenye kisanduku. "Kuna alama za watu wawili. Za mmoja zinasomeka. Za mwingine ni madoa tu, hazina mistari. Kama mtu aliyevisugua vidole kwa msasa."

"Glavu?"

"Glavu haitoi jasho. Hivi ni vidole vitupu."

Inspekta alimgeukia binti. "Nitakuomba chai, kama haitakuwa usumbufu."

Binti alikwenda jikoni. Inspekta alirudi kwenye kiti chake.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dobi wa hospitali. Miaka arobaini na mbili. Sabuni kali na mvuke, mwanangu, kila siku." Alitazama vidole vyake, kisha akavificha chini ya kanga.

"Mwizi huyu amenishangaza. Kabla ya kumwaga nguo alitandika shuka chini, zisichafuke."

Mama alitazama nje. "Pengine ni mwizi msafi."

"Na kabati la mashuka hakuligusa kabisa. Niliguse mimi?"

"Usilivuruge," mama alisema haraka. Kisha, polepole: "Nitatoa mwenyewe."

Alijiinua kwa kushika ukuta. Alihesabu kutoka chini, akachomoa shuka la tatu bila yale ya juu kutikisika. Alilikunjua mara moja, mara ya pili. Ndani yake mlikuwa na pasipoti, na bahasha ya ofisi ya vizazi iliyokwisha kufunguliwa.

Fundi aliweka ngazi yake chini bila kelele.

"Nilijaribu kuyavuruga na hayo," mama alisema. "Mkono ulikataa."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba amekufa, nyuma yangu wadogo wanne. Dobini walitaka mtu wa miaka kumi na nane. Karani akaniuliza, nikasema kumi na nane. Hata uso hakuinua. Tangu siku hiyo kila karatasi imeandikwa kwa kufuata ile ya kwanza. Kitambulisho, pensheni, pasipoti. Cheti cha kuzaliwa peke yake ndicho kinasema kweli, na ubalozi ndicho wanachokitaka."

"Nani alikwambia ni tatizo?"

"Nilimsikia yule mtu wa ubalozi kwenye simu, huyu alikuwa ameweka sauti kubwa. Karatasi moja ikipingana na nyingine, faili zima linarudi. Zima, mwanangu. Na lake humo humo."

"Si ungesema tu kwamba huendi?"

"Ningesema siendi, naye angesema haendi. Kichwa chake ni kile kile cha marehemu baba yake. Lakini pasipoti ikiibwa, hana wa kugombana naye. Angelia, angekwenda." Alilikunja tena lile shuka. "Halafu mkanipa na hiki cheti cha tabia njema. Nilikisoma usiku nikaona haya. Mhuri wenu, jina langu, na mwaka wa uongo."

Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Mama."

"Chai itapoa."

"Mimi ulinichapa kwa kusema uongo wa daftari moja."

"Nilikuwa naujua uzito wake."

Binti aliweka sinia chini. Aliketi sakafuni, juu ya lile shuka lililotandikwa, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake.

"Lile jingine," mama alisema. "Hilo linauma."

Binti akahamia goti jingine. Mkono usio na mistari ulishuka kichwani kwake ukatulia hapo.

Koplo alijisafisha koo. "Afande, kuwapotosha polisi ni kosa."

"Najua."

"Na umri nao."

"Najua. Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro robo."

"Mahakama inafunga saa tisa." Inspekta alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo Koplo hakuwahi kuliona. "Mama, si wewe peke yako. Waliojiongezea miaka ili wapate kazi tunawaona kila mwezi. Unaapa mbele ya hakimu. Unasema ulidanganya nini, lini, na kwa sababu gani. Hakimu anapiga mhuri, inakuwa hati ya kiapo. Kesho mnaiweka juu ya faili."

"Watakubali?"

"Siwezi kukuahidi. Lakini karatasi inayoeleza si sawa na karatasi inayopingana."

Mama alitazama mlango. "Na ngazi?"

Fundi alikuwa ameshakamata kiti cha mbao kwa nyuma. Inspekta alishika miguu ya mbele. Walimshusha ghorofa nne, pasipoti mapajani, binti akitangulia na faili.

"Taratibu, baba," mama alimwambia Inspekta kila walipokata kona.

"Ndilo jina lake," Koplo alisema kutoka juu.

Mahakamani hakimu aliuliza umri. Mama alifungua kinywa, na miaka hamsini ya mazoea ikataka kujibu. Akakifunga. Akatazama binti yake.

"Sitini na sita," alisema, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu.

Ubalozini waliisoma hati ile mara mbili, wakalipokea faili. Viza zilitoka wiki ya saba, zote mbili. Inspekta aliyasikia hayo baadaye, kwa simu iliyopigwa kutoka nyumba ya chini yenye mlango wa uani. Lakini kesi hiyo yeye aliifunga siku ile ile, saa tisa na nusu, kituoni.

Cheti cha tabia njema kilikuwa na mwaka wa zamani. Ilibidi kiandikwe kingine.

Koplo alichovya vidole vya mama kwenye wino, kimoja kimoja, akavibingirisha kwenye karatasi. Yalitokea madoa kumi meusi, laini.

"Mama, vimefutika vyote."

"Vilikwenda na mashuka."

Inspekta aliandika jina. Aliandika mwaka wa kuzaliwa, ule wa kweli, akanyanyua mhuri. Mama aliushika mkono wake hewani.

"Baada ya yote haya," aliuliza, "bado mnanipa?"

Inspekta alingoja mpaka mkono ule ulipolegea wenyewe. Kisha akagonga mhuri.

"Tunakupa," alisema.