Chui Anayesikia Kila Sauti

Wakati wa likizo ya shule za msingi, kila asubuhi Shangazi alifungua madirisha ya darasa la chekechea, naye binti wa kaka yake akafagia, akatandika mkeka, kisha akapanga mezani vifaa vya ufundi: maboksi matupu, vifuniko vya chupa, nyuzi, gundi na mikasi isiyo na ncha. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Watoto walimwita Mwalimu Mdogo, na jina hilo lilimlevya. Akiitwa hivyo, mabega yalipanda yenyewe.

Shangazi alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alichukua kitabu cha picha, akayafunika maneno kwa kipande cha karatasi, akauliza, "Mnaona nini?" Watoto walisema walichokiona, hata kama ni upuuzi mtupu. Baadaye walikitengeneza kwa mikono yao. Ukurasa mmoja uliweza kumeza asubuhi nzima, hasa kwa sababu ya Kasuku. Huyo alikuwa mvulana wa miaka minne aliyeongea akila, akibandika karatasi, hata akiwa msalani. Bibi yake, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alisema mjukuu wake huhutubia hadi usingizini.

Siku moja kitabu kilikuwa cha chui anayemtafuta mwanawe gizani. Shangazi alikwisha kutengeneza kinyago cha mfano cha kadibodi, chenye madoa na masikio makubwa. Kabla hajaanza somo, aliitwa na mwalimu mkuu.

"Waonyeshe picha tu, mwanangu, uwaache waseme wenyewe," alimwambia binti. "Nikirudi tutatengeneza vinyago. Usiwaache peke yao."

"Sawa, Shangazi. Usiwe na wasiwasi."

Mwalimu Mdogo alifungua kitabu. Mmoja alisema ni paka, mwingine akasema ni ng'ombe, wakaanza kubishana. Gundi ilimwagika. Kasuku alisimama katikati ya mkeka akaeleza, bila kuulizwa, jinsi jino la bibi yake lilivyong'oka. Binti aliwasihi wanyamaze, hakuna aliyemsikia. Aliona aibu, kisha hasira. Je, mwalimu mkuu akipita dirishani atasemaje?

Akavaa kile kinyago, akainama na kunguruma. "Huyu chui yuko humu humu shuleni! Masikio yake yanasikia kila sauti. Mtoto akitoa sauti, hata ya kunong'ona, anambeba!" Akamnyooshea kidole Kasuku. "Na anakusikia wewe kuliko wote."

Darasa likawa kimya kabisa. Kumbe ni rahisi hivi, aliwaza binti. Akaweka kinyago mezani, akatoka mara moja hadi bombani kulowesha kitambaa cha kufutia gundi. Aliporudi, watoto walikuwa wamekaa vilevile, macho yamewatoka. Kasuku hakuwapo. Kandambili yake moja ilibaki kwenye mkeka.

"Kasuku ameenda wapi?" aliuliza. Hakuna aliyefungua kinywa.

Alichungulia chini ya meza, nyuma ya mlango, msalani. Hakuna mtu. Wakati huo huo Shangazi akarudi, akapitisha macho darasani.

"Kasuku yuko wapi?"

"Nilienda kuchukua kitambaa... nafikiri ametoka nje."

Shangazi alitazama lango, akapiga kelele za kuomba msaada. Lilikuwa wazi, kwani mlinzi alikuwa amemfungulia dereva wa lori la mchanga. Ng'ambo ya lango kulikuwa na barabara kuu. Mlinzi alitimua mbio kuelekea barabarani. Mpishi wa shule alikwenda kwenye mapipa ya maji, akafunua kifuniko kimoja baada ya kingine. Kila alipofunua, binti alifumba macho. Kila mahali watu walikuwa wakiita, "Kasuku! Kasuku wee! Njoo, baba!"

Hakuna aliyeitika.

Bibi ya Kasuku, aliyepelekewa habari, alifika akihema, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. "Mume wangu yuko wapi? Mume wangu mdogo!" Alimshika Shangazi mikono. "Mwalimu, yule mtoto hawezi kuitwa akanyamaza. Humjui? Kama haitiki, basi kuna kitu kimempata."

Maneno hayo yalimwingia binti hadi kwenye mifupa. Yeye peke yake alijua kwa nini Kasuku haitiki. Lakini angesemaje mbele ya bibi huyu? Angefukuzwa darasani, na baba angeambiwa. Labda mlinzi angerudi na mtoto, mambo yaishe hapo. Alisubiri. Mlinzi akarudi mikono mitupu, jasho likimchuruzika.

"Barabarani hayupo," alisema. "Nimeuliza hadi kituo cha mafuta."

Bibi akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. Binti hakuweza kuvumilia tena.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Niliwatisha. Niliwaambia chui yumo shuleni, na mtoto atakayetoa sauti atabebwa. Kasuku anaogopa kuitika."

Shangazi alimtazama mara moja tu. Hakumgombeza, wakati haukuwapo.

"Acheni kumwita!" alipaza sauti. "Mtoto mwenye hofu hakimbilii barabarani. Hujificha mahali padogo penye giza. Fungueni kila kitu, hata kilichofungwa!"

Katika chumba cha kulalia watoto kulikuwa na kabati la magodoro. Walikwisha kulipita, kwa sababu komeo lake lilikuwa limefungwa kwa nje. Ila komeo lile lilikuwa bovu: mlango ukibamizwa, linaanguka lenyewe. Shangazi alilivuta, akayatupa magodoro sakafuni. Nyuma yake alikuwemo Kasuku, amelowa jasho, midomo imemkauka. Pumzi zilitoka kwa shida. Mikono yote miwili ilikuwa imeziba mdomo.

Walimpeleka darasani, penye hewa ya madirisha, wakampepea, wakamnywesha maji kidogo kidogo. Rangi ikamrudia usoni, ila hakusema neno.

"Mume wangu, niite basi," bibi alimbembeleza. "Mara moja tu."

Kasuku alitikisa kichwa, akatazama kinyago kilichokuwa mezani.

"Wewe ndiye uliyemfunga mdomo," Shangazi alimwambia binti kwa sauti ya chini. "Nenda ukamfungue."

Binti alipiga magoti. "Kasuku, nilikudanganya. Chui huyu habebi watoto. Ona, anamtafuta mwanawe." Akamwonyesha picha. Mtoto aliitazama, lakini mdomo ulibaki umefumbwa. Binti alizidi kuogopa. Je, kama hatasema tena maisha yake yote?

Akachukua kinyago, akakigeuza upande wa ndani. "Ni boksi la sabuni hili. Shika." Kasuku alisita, akagusa, akakuna doa moja kwa ukucha. Kisha akaichukua mikasi. Binti alimshikia kadibodi. Kasuku alikata polepole, ulimi umemtoka kidogo, sikio la kwanza likaanguka. Akakata na la pili. Akamvisha binti kinyago kile kisicho na masikio, akamsogelea karibu sana, akanong'ona:

"Sasa hasikii."

Alisubiri. Hakuna kilichotokea.

"Hasikii!" alipiga kelele. "Bibi! Hasikii! Nimemkata masikio!"

Bibi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Chini ya kinyago, binti naye alikuwa akilia.

Wazazi walipokwisha kuchukua watoto wao, Shangazi alimketisha binti kwenye kibenchi cha nje.

"Kumnyamazisha mtoto kwa hofu hakuhitaji ualimu," alisema. "Yeyote anaweza. Lakini ukimfundisha kuogopa sauti yake, siku akiwa hatarini hatakuita. Leo tumepita mita chache kutoka alipo, naye anatusikia, anakosa hewa, anaziba mdomo ili apone."

"Nisamehe, Shangazi."

"Jambo la pili. Ulijua, ukanyamaza. Wewe pia uliogopa, najua. Lakini ukikosea mbele ya mtoto, sema hapo hapo, hata kama utaaibika. Aibu utaimaliza jioni. Pumzi za mtoto hazingojei."

Binti aliinamisha kichwa. Langoni, kabla ya kuondoka na bibi yake, Kasuku alikuwa akimsimulia mlinzi habari ya chui, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.