Mbegu Zilizolala Jikoni

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai ya siagi na chumvi, Rukma alimwagilia tuta lililokuwa nyuma ya nyumba yao ya mawe. Theluji ilikuwa imeyeyuka, na familia za bonde la Johar zilikuwa zimehamia tena vijiji vya juu pamoja na kondoo wao. Kwa jirani, miche ya gandrayan, kiungo chao cha dengu, ilikwisha kuchipua, majani yake yamechanika kama ya giligilani. Tuta la Rukma lilikuwa udongo mtupu.

"Unamwagilia mawe?" kaka yake Kundan alimtania. "Basi tutaunga dengu kwa mawe."

"Nenda ukachunge kondoo. Wamekuzidi akili."

Rukma alijibu hivyo, akaendelea kumwagilia. Alijua kwa nini tuta lilikuwa tupu.

Gandrayan ni mmea usio na haraka. Hukaa ardhini miaka kadhaa ndipo mzizi wake unenepe na kunukia vizuri kwenye chungu. Tena hauchimbwi kabla ya sikukuu ya mungu mama Nanda, mbegu zikiwa zimekomaa. Baada ya sikukuu iliyopita, Bibi Kunti alimpa Rukma mbegu mpya za mimea yao ya zamani azipande kabla hawajashuka kukimbia baridi. Lakini wenzake walikuwa uwanjani wakicheza ngoma ya duara. Rukma alizifunga mbegu kwenye kitambaa, akaenda kucheza. Jioni Bibi alipomuuliza, alijibu, "Nimepanda, Bibi."

Kitambaa kile kilishuka naye hadi kijiji cha chini, kikaning'inia juu ya jiko majira yote ya baridi. Waliporudi, alizipanda mbegu kimyakimya, akangoja.

Asubuhi hiyo Bibi alitoka na jembe. Alipita tuta tupu, akasimama mbele ya mimea mikubwa iliyokuwa kando ya ukuta. Babu ndiye aliyeileta kutoka malisho ya juu, enzi za ujana wake. Tangu afariki, Bibi alikuwa akivunja jani moja kila siku, akilinusa.

"Mimea hii imezeeka," Bibi alisema. "Mbegu zake hazioti tena. Ingawa sikukuu bado, nitaing'oa tukaushe mizizi, hapa tupande viazi."

Akainua jembe.

"Bibi, usiing'oe," Rukma alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mimea haina kosa. Kosa ni langu. Sikupanda mbegu kabla ya theluji. Nilikudanganya."

Bibi aliteremsha jembe. "Mbegu zilikuwa wapi?"

"Juu ya jiko, kule chini."

"Juu ya jiko! Ulikuwa unatengeneza bisi?" Kundan alidakia.

"Wewe nyamaza," Bibi alimwambia, kisha akamgeukia Rukma. "Mbegu hii hulala chini ya theluji ndipo iamke. Wewe umeilaza kwenye joto mpaka ikafa."

Akakaa juu ya jiwe, akafuta uso kwa ncha ya shali. Rukma alidhani analia kwa hasira, lakini Bibi alikuwa akitabasamu.

"Kumbe mimea ya mzee ni mizima," alisema polepole. "Nilitaka kumzika mara ya pili."

Kisha akainuka ghafla. "Kama ni mizima, zile mbegu zilizojidondokea zenyewe zimekwenda wapi?"

Alitenga magugu yaliyokuwa yamesongamana chini ya mimea ile. Huko, kwenye udongo wenye unyevu, miche midogo ilikuwa imejaa. Rukma alisugua jani moja dogo vidoleni. Lilikuwa na harufu ileile ya chungu cha dengu. Akashusha pumzi ndefu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, walihamishia miche kwenye tuta, Rukma akichimba mashimo na Kundan akibeba samadi huku akinung'unika. Bibi aliishindilia miche kwa vidole gumba.

"Umenipotezea mbegu, mjukuu wangu, na hilo nimelisamehe," alisema. "Lakini uongo wako ulinifanya niione mimea mizima kuwa mifu, na mkono wangu mwenyewe ungeimaliza. Ukikosea, niambie mapema. Nikijua penye kosa, nitajua pa kutengeneza."

"Nitakuambia, Bibi."

"Haya, lete mche mwingine. Ushike kwa udongo wake, usiuvute shingo."