Rangi ya Chai Iliyozidi Maziwa

Duka la mbao lilikuwa limefurika Jumamosi ile, huku msumeno unalia, kule watu wanagombania foleni. Katikati ya vumbi alisimama mwanamke mwembamba mwenye gauni la kitani lililomkaa kama alizaliwa nalo. Mkononi alishika vipande vitano vya laminati, ile ngozi ngumu inayobandikwa juu ya mbao ili kabati lipate sura. Kwa macho ya kila mtu, vipande vile vilikuwa vya rangi moja. Yeye alikuwa tayari kuapa kwamba ni rangi tano.

Alikuwa fundi cherehani, na shangazi yake aliyemlea alimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mpelekee kitambaa chochote, atachomoa uzi mmoja kati ya mia na hatakosea. Leo jicho hilo limemgomea. Baada ya miaka mingi ya kukanyaga cherehani amepata nyumba yake ya vyumba viwili, jiko halina kabati hata moja, vyombo vinalala kwenye maboksi kama wakimbizi, na yeye anataka rangi tulivu, yenye joto kidogo, isiyopiga kelele. Nyeupe ni ya hospitali. Nyeusi ni ya jeneza. Hapo katikati ndipo alipopotelea.

Mara akaona shati. Yule aliyelivaa, Sindano hakumwona. Lilikuwa shati la krimu lililochujuka, rangi ileile ya ukuta wa jiko lake, na lilikuwa linapita na bodi begani.

"Kaka, simama hapohapo," akasema, akamwekea kipande kifuani. "Na usipumue sana."

"Nisipumue?"

"Unanitikisia ukuta."

"Nimeitwa mengi, bibie. Ukuta ndiyo leo."

"Shati lako na ukuta wangu ni baba mmoja mama mmoja. Hebu niambie, hii imekaa?"

Mwanamume akashusha bodi. Alikuwa seremala, penseli sikioni, futi kamba kiunoni, na macho yanayocheka kabla mdomo haujapewa ruhusa.

"Kwenye shati imekaa. Kwenye ukuta sijui. Taa za duka ni waongo, humu ndani kila rangi ni bwana harusi. Ukifika nayo nyumbani ndipo unapomwona mume."

Sindano akajikuta anacheka, akajilaumu. "Sasa nifanyeje?"

"Nenda navyo vyote. Vitazame asubuhi, mchana, na jua likishuka. Rangi haichumbiwi kwa siku moja."

"Na kabati atatengeneza nani?"

"Si huyu ukuta wako."

Basi Ukuta akaja kupima. Akaja tena, akasema alisahau kimo cha dirisha. Akaja na vipande vingine, kwa kuwa vile vya kwanza, alisema, vilikuwa vidogo mno kwa uamuzi mkubwa. Vilikuwa na namba nyuma, lakini wenyewe walivibatiza: Mchanga Mkavu, Ganda la Yai, Ngano, Kitani, na Chai Iliyozidi Maziwa.

"Huyu amepima jiko mara ya nne," shangazi akasema, akiwa kwenye kiti chake cha dirishani. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini masikio yalikuwa mapya kabisa. "Jiko lenyewe linakua?"

"Anataka kazi iwe sawa, shangazi."

"Ndiyo. Nimesikia anavyopima. Dakika mbili ukuta, saa nzima wewe."

Simu nazo hazikukauka.

"Ngano au Chai?" seremala anauliza asubuhi, kelele za karakana nyuma yake.

"Asubuhi hii Ngano. Jana mchana ilikuwa Chai. Saa kumi na moja zote zikageuka, nikachanganyikiwa."

"Basi nije nijionee."

"Njoo. Uvae lile shati, nipate ukuta wa ziada."

Kwa kweli Sindano hakujua tena kilichomchanganya ni kipi, rangi au mwenye kuzileta. Akichagua, kazi itakwisha. Kazi ikikwisha, je? Siku moja seremala alimwona ameduwaa na vipande viwili mikononi, akamwambia kwa upole, "Mpenzi, swali la kwanza ni la rangi. Ukilijibu, siku nitakayomaliza mlango wa mwisho nitakuuliza la pili."

"Uliza sasa."

"Seremala hapigi msumari kabla ya kupima."

Sindano alilijua swali. Mtoto mdogo angelijua. Ila miaka iliyopita kuna mwanamume aliyemwambia ngoja, akangoja miaka mitatu, na gauni la harusi ya yule mwanamume akaja kulishona yeye, kwa vipimo vya mwanamke mwingine. Tangu hapo neno ngoja humchoma kidoleni. Lakini alifumba macho, akachagua: Chai Iliyozidi Maziwa.

Wiki iliyofuata seremala alikuwa jikoni kwake akitoboa matundu, simu ikalia. "Ndiyo mama, ile ya kijivu ni yako," akasema. "Usiwe na wasiwasi, nakuja mwenyewe." Alipokata akatabasamu. "Huyu mama wa ghorofani anataka jiko zima rangi ya wingu la mvua. Ila ana jicho la rangi, si mchezo."

Jicho la rangi. Sindano akamwona huyo mama akilini, ana kucha ndefu na kiuno. Aliuma uzi.

Siku ya kufunga milango yeye alikuwa amepeleka magauni kwa wateja. Alirudi alasiri na kanga mpya mabegani, ameshatayarisha uso wa kuulizwa swali la pili. Seremala alikuwa kwenye mlango wa kumi, akikaza mshikio. Wa kumi na moja, wa mwisho, ulikuwa bado.

Milango yote ilikuwa ya kijivu. Kijivu cha maji ya kufulia, chenye ubuluu kwa mbali.

"Hii ni nini?"

"Kabati lako."

"Hili si langu. Hili ni la mama yako wa ghorofani."

Akacheka. Alidhani anataniwa, maskini, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. "Wewe, mwenye jicho la uzi mmoja kati ya mia?"

"Usinicheke. Chai yangu umempelekea yeye?"

"Unadhani naweza kubadilisha mali yako?"

"Sijui unaweza nini. Nilishawahi kuambiwa ngoja na mtu mwenye maneno matamu kukuzidi."

Kicheko kikamtoka usoni. Neno moja tu lingetosha, nalo alikuwa nalo ulimini. Lakini kiburi cha fundi ni mbao yenye fundo, haipasuki kirahisi.

"Nimekuletea vipande mara tisa ili taa isikudanganye," akasema polepole, akirudisha bisibisi mkobani. "Leo mimi ndiye mwizi. Haya, bibie."

Akatoka. Mlango wa kumi na moja ukabaki bila mshikio, na swali likaondoka na mwenyewe.

"Shangazi, wewe ulikuwepo. Alileta rangi gani?"

"Mwanangu, kwangu mimi vyote ni kabati."

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Sindano hakutoa sahani hata moja kwenye boksi. Kila akipita jikoni alisimama, akatazama, akazidi kuvurugika: ule ukingo mwembamba kwenye unene wa mlango ulikuwa na rangi ya chai. Mwizi gani anaiba kanzu akaacha pindo? Seremala alipiga simu mara moja, Sindano akamkatia. Yeye akapiga mara moja, akaambiwa, "Niko juu ya ngazi," na kweli sauti ilikuwa ya mbali. Akamshonea mteja mkono wa kulia kushoto. Hilo halijawahi kutokea.

Jumapili shangazi alisimama akifuta mafuta kwenye mlango mmoja kwa kitambaa chenye maji ya moto. Akafuta, akakwangua kwa ukucha.

"Sindano. Njoo uone, kabati lako linaambuka ngozi."

Mkononi mwa bibi kizee ulining'inia ukanda wa nailoni ya kijivu, mrefu kama mkono, umekunjamana kama gamba la nyoka. Ulipotoka ule ukanda, chini yake paling'aa rangi tulivu, yenye joto kidogo, isiyopiga kelele. Chai, na maziwa yamezidi.

Sindano akakaa juu ya boksi la sahani. Ni nailoni ya kiwandani, ya kuzuia mikwaruzo, huachwa hadi kazi iishe. Yeye mwenyewe hukabidhi kila gauni ndani ya nailoni, na hakuna bibi harusi aliyewahi kulia kwamba ameshonewa gauni la ukungu.

"Kwa hiyo," shangazi akasema, "umemfukuza mwanamume kwa ajili ya mfuko."

Sindano akapiga simu.

"Fundi."

"Naam."

"Kazi yako haijaisha. Mlango wa kumi na moja hauna mshikio."

"Nitamtuma mtu."

"Ukimtuma mtu nitamrudisha."

Randa ikasikika ikiwekwa mezani.

"Umebandua?"

"Shangazi amebandua nusu mlango, nikamzuia. Milango kumi na nusu inakungoja. Nilikuita mwizi kwa jambo lililomalizwa na ukucha wa bibi kizee, na naona haya kuendelea peke yangu. Nisamehe. Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ubandue mwenyewe, siku ya kumaliza. Ndiyo sehemu ninayoipenda, kuutazama uso wa mwenye nyumba. Nilipouona wako siku ile, ulimi ukanifia. Nami nisamehe, ningesema."

"Na mama wa ghorofani?"

"Ana wajukuu sita. Jiko lake ukiingia unataka sweta."

Alasiri akaja, amevaa lile shati, safari hii limepigwa pasi. Wakaanza juu, yeye pembe hii, Sindano pembe ile, nailoni ikilia kama kitambaa kipya kinachochanwa. Jua lilipofika dirishani milango ikageuka ngano, halafu mchanga.

"Ona, imegeuka tena," Sindano akasema.

"Itageuka kila siku. Kabati ni lilelile."

Akakaza mshikio wa mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akakohoa. "Sasa, lile swali la pili..."

"Ndiyo."

"Sijauliza."

"Uliza basi, jibu lisikae bure."

Kutoka kwenye kiti cha dirishani ikaja sauti ya shangazi. "Miezi miwili kwa kabati, na kwa mume hata dakika hajamaliza. Muulize upesi, fundi, kabla jua halijashuka akaona rangi nyingine."

Akauliza.