Fundo la Kushoto Kwenye Kabati la Waamuzi

Kufuli la kabati lilikuwa limevunjwa, lakini milango yake ilikuwa imefungwa tena, kwa kamba.

Jambo hilo lilimkera Inspekta Marama Tipene tangu alipoingia. Mwizi huvunja, huchukua, hutimua mbio. Huyu alivunja kisha akafunga kwa adabu zake zote.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Uwanja wa mbio za farasi wa vigari wa Otamara ulikuwa mtupu, na mvua nyepesi ya mkoa wa Southland ilikuwa ikinyesha bila haraka. Mwamuzi mkuu, Russell Geddes, alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Kimeibwa nini?"

"Kanda moja ya video. Ya Machi 1994."

"Na kikombe kile cha fedha?"

"Hakikuguswa."

"Kanda hiyo ina nini?"

"Mbio. Hapa kuna nini kingine?"

"Bwana Geddes, sikuja kutaniana."

Geddes aligeuka kutoka dirishani. "Fainali ya Kombe la Otamara. Ivy Laidlaw alitangulia kufika mstarini. Farasi wake alikuwa amevunja mwendo, tukamvua ushindi."

Marama hakuhitaji maelezo. Alikulia hapo hapo. Farasi anayevuta kigari cha mbio huenda kwa hatua za kuchapua tu. Akivunja mwendo na kuanza kutimka, dereva lazima amrudishe. Akivunja karibu na mstari, hatima yake iko kwa waamuzi: wakiona alinufaika, anavuliwa ushindi, wakiona hakunufaika, wanaweza kumwachia.

"Waliamua kina nani?"

"Watatu. Wawili wamefariki. Wa tatu ni mimi."

"Na jana?"

Otamara nzima ilijua ya jana. Dume la zizi la Glenburn, zizi lenye nusu ya farasi wa wilaya, lilivunja mwendo mita thelathini kabla ya mstari, likashinda. Waamuzi walisema halikunufaika, wakaliachia kombe.

"Farasi wa Ivy alivunja umbali gani?"

"Mita thelathini hivi."

"Sasa?"

"Kila mbio ina mazingira yake, Inspekta."

"Ndivyo mnavyowaambia watu?"

"Ndivyo tunavyoandika."

Marama alichuchumaa mbele ya kabati. Fundi wa alama za vidole alikuwa amekwisha kunyunyiza unga wake asipate kitu; mwizi alivaa glavu. Kamba ilikuwa ile ya rangi ya chungwa ya kufungia marobota ya majani makavu. Fundo lilikuwa la kufungia farasi, ukivuta ncha moja linafumuka lote. Nusu ya mji wanalijua. Ila hili lilipindwa upande usio wake. Lilifungwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Akacheka peke yake. Mtu wa farasi haachi lango wazi, hata akiwa anaiba.

"Nani hapa anafunga kwa kushoto?"

"Sijui," Geddes akasema, haraka mno.

Kwenye kantini, Bi Noeline Baird alikuwa akikunja mikate ya jibini.

"Kula kwanza, mwanangu. Upepo utakubeba."

"Bi Noeline, hapa uwanjani nani anatumia mkono wa kushoto?"

"Mume wangu. Lakini yule hata kikombe chake cha chai hakiinui, si kwa kushoto wala kwa kulia."

"Na nani bado ana mashine ya kuchezea kanda za zamani?"

Mikono ya Noeline ikasimama. "Mimi."

"Iko wapi?"

"Umeshamjua, unanichimba tu." Akajifuta macho kwa aproni. "Athol wa Ivy aliiazima jana jioni. Alisema anataka kutazama harusi yao. Marama, usimtie pingu. Tangu Ivy afariki, mzee wa watu anamwagilia njia ya farasi na kuongea na uzio."

Athol Laidlaw alifungua mlango kabla Marama hajabisha hodi. Nyuma ya mlango lilitundikwa koti la mashindano la Ivy, la kijani na nyeupe, limepigwa pasi.

"Umechelewa, binti."

"Mzee Athol, wewe ndiye uliyevunja kabati?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana jioni, walipokuwa baa wakisherehekea ushindi wa Glenburn."

"Kanda iko wapi?"

"Imo ndani ya mashine."

"Mbona ulifunga milango?"

Mzee akashtuka. "Nilifunga?" Akautazama mkono wake wa kushoto, akacheka. "Huu nao!"

"Kwa nini uliiba, mzee?"

"Nilitaka mbio zile mbili zionyeshwe sako kwa bako, mji mzima uone. Ivy hakulalamika hata siku moja. Aliniambia, 'Kama ni hivyo kwa wote, Athol, basi sawa.' Amekufa akiamini ni hivyo kwa wote. Jana ndiyo nimejua kwamba haikuwa."

"Mbona basi hukuipeleka?"

"Keti utazame."

Kwenye kioo cha televisheni, jike la kahawia la Ivy, Plum Duff, lilitokea kwenye kona ya mwisho likiongoza. Mita thelathini, likavunja mwendo. Ivy akavuta hatamu papo hapo, akapoteza nusu urefu wa farasi, na bado akafika wa kwanza. Kisha akapandisha miwani. Uso umejaa tope. Akageukia uzio, akacheka na mtu ambaye kamera haikumwonyesha.

Athol akabonyeza kitufe. Ivy akaganda akicheka.

"Mtu huyo ni mimi," alisema. "Hapa mbele kinalia king'ora cha waamuzi, kwamba ushindi unachunguzwa. Sijafika huko. Tangu jana namrudisha nyuma. Hata hao Glenburn nimewasahau. Nimemkumbuka mke wangu, binti. Nilitaka nimwone akiwa bado ameshinda."

Marama akaegemea mbele, akamtazama Ivy.

Ubao wa sakafu ulilia nyuma yao. Geddes alikuwa mlangoni, kofia inachuruzika maji.

"Ulijua ni yeye," Marama akamwambia.

"Nililitambua fundo." Macho yake hayakubanduka kwenye kioo. "Alipoteza nusu urefu. Sikuliona siku ile. Ama sikutaka kuliona."

"Na kwa kipimo cha uamuzi wa jana, Ivy alishinda, Bwana Geddes?"

"Alishinda."

"Andika," Athol akasema.

"Haiandikiki tena, Athol. Muda wa rufaa ulishapita."

"Basi tangaza."

Geddes akavua kofia. Alitangaza kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, katika chumba cha watu watatu: "Kombe la Otamara, 1994. Mshindi, Plum Duff. Dereva, Ivy Laidlaw."

Athol akaitikia kwa kichwa.

"Kanda ni kielelezo, mzee," Marama akasema polepole. "Na wewe itabidi tuandamane kituoni, utoe maelezo."

"Najua. Subiri iishe."

Akabonyeza kitufe. King'ora kikalia, naye akakiacha kilie.