Jina Alilolijua Minda

Charity Lovett alikuwa dobi. Jumatatu alichemsha maji, Jumanne alifua, Jumatano alipiga pasi. Jioni alipika kunde na wali, akapakua mabakuli mawili. Kisha alikumbuka, na la pili akalirudisha chunguni. Miaka kumi na mitatu mkono wake ulikuwa bado haujazoea.

Minda, binti yake wa pekee, aliuzwa akiwa na miaka tisa. Bwana wao alimpandisha kwenye gari la farasi asubuhi ya mwaka mpya. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, na watumwa wote wa jimbo la Georgia, Marekani, walikuwa huru. Lakini Minda hakurudi.

Mwaka huo mwalimu alifika. Jina lake Lavinia Pettiford, msichana mweusi kutoka Ohio, jimbo la kaskazini. Wanakijiji walimpa ghala bovu la pamba liwe shule. Kila nyumba ilileta mbao. Charity aling'oa mlango wa banda lake la kuku akaupeleka, na kuku wakahamia jikoni.

Watoto walisoma kila asubuhi. Watu wazima walisoma Jumamosi mchana. Charity alikaa benchi la mbele, pamoja na mzee Cudjo, fundi magurudumu.

"Bi Charity," mzee Cudjo alisema, "ukiikamua kalamu hivyo itatoa maji."

"Na wewe ukiishika kama nyundo utatoboa meza. Angalia yako."

Baada ya masomo kila mtu alikwenda kwake. Mwalimu alibaki. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya ghala. Wazungu wa mjini hawakumwamkia, na kwao Ohio kulikuwa mbali. Jumamosi moja Charity alirudi kuchukua shali yake, akamkuta anakula mkate mkavu akiwa amesimama dirishani.

"Huketi, mwanangu?"

"Nikiketi naiona ile meza ilivyo ndefu," mwalimu alisema, akacheka kidogo.

Charity hakucheka. Aliijua meza ya namna hiyo. Alitoa kifuani kipande cha gazeti kilichochakaa.

"Nisomee hiki. Mhubiri mpita njia aliniandikia. Kimetoka mara mbili katika gazeti la kanisa. Husomwa makanisani mpaka Texas, lakini sijapata jibu. Nadhani amekufa. Au hanitaki."

Mwalimu alisoma: "Charity Lovett anamtafuta binti yake, Minda Lovett."

Aligeuza upande wa pili. Hakukuwa na zaidi.

"Bi Charity, hili jina Lovett mlikuwa nalo siku Minda alipouzwa?"

"Hapana. Nilijichagulia siku ya uhuru. Charity pia. Ni majina yangu mwenyewe."

"Na Minda alikujua kwa jina gani?"

Charity alivuta shali mabegani.

"Lile alilonipa bwana. Nilimwapia Mungu kwamba halitapita tena kinywani mwangu."

"Basi lisipite kinywani," mwalimu alisema taratibu. "Liandike. Minda hajui Lovett ni nani. Akisikia jina hilo kanisani, atadhani ni mama wa mtu mwingine."

Charity alifunika uso kwa shali. Mwalimu hakumharakisha. Alimwekea karatasi mezani, akaeleza.

"Andika jina lako la zamani, kisha hili la sasa. Andika jina la bwana na la shamba. Andika mwaka aliouzwa na aliyemnunua, kama unamjua. Taja alama ya mwilini. Mwisho andika mahali unapokaa, ili barua ikufikie. Mtu hubadilisha jina, lakini yaliyompata hayabadiliki."

"Ana kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Aliungua na pasi yangu."

"Hilo usiliache."

Charity aliishika kalamu. Aliandika *Tenah*, jina alilolikataa, na machozi yakadondokea wino. Ilibidi waanze karatasi nyingine. Safari hii hakulia. Aliandika yote kwa mkono wake, na mwalimu akasahihisha palipokosewa. Jumatatu tangazo likapelekwa posta.

Pamba ilichumwa, ikaisha. Baridi ikaingia. Kila Jumamosi mzee Cudjo aliuliza, "Bado?" Naye Charity alijibu, "Bado." Nyumbani aliendelea kupakua mabakuli mawili.

Mwezi wa pili barua ilikuja kutoka Texas. Mwalimu alinyoosha mkono ili amsomee.

"Acha, mwanangu. Hii ni yangu."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Herufi za barua zilikuwa zimepinda kama zake.

"Mama Tenah. Ni mimi, Minda. Kovu lipo. Na huku tuna shule, ndiyo maana naandika mwenyewe. Nilisikia tangazo la kwanza kanisani. Nilimwonea huruma yule Charity Lovett, nikamwombea ampate mwanawe. Sikujua kuwa najiombea mimi. Nina mtoto mchanga, na njia ni ndefu. Tutakuja Krismasi, pamba ikiisha. Nami nataka jina Lovett, ukiniruhusu."

Charity aliikunja barua, akaikunjua, akaisoma tena. Krismasi ilikuwa mbali, miezi kumi kamili. Nje mvua ilinyesha juu ya paa la ghala.

Jioni ile alipika kunde na wali. Akapakua mabakuli mawili, na safari hii hakurudisha kitu chunguni. Alijitanda shali, akarudi shuleni, akagonga mlango wa nyuma.

"Mwalimu, njoo ule kwangu."

"Nisikusumbue, Bi Charity."

"Hunisumbui. Bakuli la Minda halina mtu mpaka Krismasi. Na akija, nitanunua la tatu."